Siku Liwali Alipozindua Jua la Kivumbasi

Msihangaike kuitafuta Jamhuri ya Bwelele kwenye ramani. Wachora ramani walishindwa kukubaliana waiweke wapi, na kila aliyefunga safari kwenda kuitafuta alizunguka wee, mwishowe akajikuta amesimama mlangoni kwake mwenyewe. Basi tuseme ipo. Ina majimbo, majimbo yana maliwali, maliwali wana misafara, na misafara ina vumbi. Mengine mtayakuta humu humu.

Katika Jimbo la Kati ya Kando joto lilikuwapo tangu enzi, ila miaka hiyo lilivuka mpaka. Kuku walitaga mayai yakaiva nusu. Mvua nayo ikawa na vituko: mwaka mmoja haionekani, mwaka wa pili inakuja yote siku moja na kuondoka na daraja. Serikali ya jimbo haikukaa kimya, maana kukaa kimya si tabia yake. Ikaunda Wakala wa Jimbo wa Kupambana na Mabadiliko ya Tabianchi na Kuhamasisha Nishati Safi. Wananchi walipojaribu kulitaja jina lote waliishiwa pumzi, wakaliita Wakala.

Wakala ikajengewa jumba la ghorofa tano, kuta zote vioo, ili wananchi waone uwazi. Vioo vikaingiza jua, wafanyakazi wakaiva kama mandazi. Vikafungwa viyoyozi arobaini. Viyoyozi vikamaliza umeme wa mji mzima. Ikaletwa jenereta yenye ukubwa wa basi, ikawekwa nyuma ya jengo na kupakwa rangi ya kijani, ikawa inatoa moshi mweusi mchana kutwa. Moshi ukachafua vioo, uwazi ukapotea, na hapo kila mtu akaridhika.

Mambo haya yalimkuta Nesi Siwema Kongoti wa Zahanati ya Kivumbasi, safari ya saa mbili za pikipiki kutoka mjini, ukibahatika. Siwema ndiye aliyekuwa nesi, mkunga, mtunza dawa, mfagizi na mfukuza mbuzi. Katika miaka tisa ya kazi alikuwa amehamishwa mara saba kwa sababu ya mdomo wake. Kila alipohamishwa aliambiwa amepandishwa, na kila alipopandishwa alijikuta mbali zaidi na lami. Alikwisha kuzoea. Alisema wakimpandisha mara mbili nyingine atatokea nchi jirani.

Juu ya bati la zahanati hiyo palikuwa na paneli nne za jua, mpya kabisa, zilizofungwa na mafundi wa Wakala, na ndani friji jipya la jua lingali kwenye nailoni yake. Kwa miezi minane zilikuwa zimelala pale zikiota jua kama kenge. Waya wake ulishuka ukutani, ukaingia kwenye sanduku la chuma lenye swichi, na sanduku likapigwa kufuli. Juu ya kufuli palibandikwa karatasi: HAIJAZINDULIWA. USIGUSE.

Hapa msomaji mgeni lazima aelezwe sheria. Kanuni ya Uzinduzi ya Bwelele inasema hivi: kitu kisichozinduliwa hakipo, na atakayetumia kitu kisichokuwapo ametenda kosa. Haikuwa sheria ya mapambo. Mama mmoja wa Kigodani aliwahi kupika ugali kwenye jiko sanifu la Wakala kabla halijakatiwa utepe. Akahukumiwa semina ya siku kumi na nne. Alirudi nyumbani akiwa anasema "wadau" badala ya "watu", na mumewe hajamwelewa mpaka leo.

Kwa hiyo Siwema aliziangalia paneli zake kwa macho tu, na chanjo akazihifadhi kwenye friji la zamani la mafuta ya taa, kikongwe kilichokuwa kikikohoa kuliko wagonjwa.

Jumatatu moja asubuhi likaja gari la Wakala lenye kipaza sauti. Likatangaza kuwa kuanzia siku hiyo mafuta ya taa ni marufuku jimbo zima, kwa sababu yanachafua hewa. Akashuka Bwana Tumbuu, Afisa Itifaki wa Wakala, mtu mwembamba mwenye suti nzito, shingoni amevaa mkufu wa funguo zilizolia kama njuga.

"Karibu, Bwana Tumbuu," Siwema akasema. "Umekuja kufungua au kufunga?"

"Kufunga, sista. Kufungua kuna ratiba yake."

Akachukua dumu la mafuta. Akapiga magoti mbele ya friji, akauzima utambi kwa heshima zote, akadondosha nta nyekundu juu yake na kuigonga muhuri.

"Sasa chanjo zitapozwa na nini?"

"Jua."

"Hili ulilolifungia kwenye sanduku?"

"Limefungwa kwa muda tu."

"Na mafuta?"

"Hayo yamefungwa moja kwa moja."

"Yaani kichafu kimeondoka na kisafi hakijafika."

"Hicho ndicho kinaitwa kipindi cha mpito, sista. Kina kitabu chake." Akampa kitabu kinene cha kurasa mia tatu, kilichoitwa Tuokoe Miti, Tupunguze Karatasi.

Siwema alicheka mpaka gari lilipopotea, kisha akaacha kucheka, akafungua friji. Ndani yake zilikuwamo dozi tisini na sita za chanjo ya surua. Surua ilikuwa imeshaingia Mitengo, bonde la pili tu kutoka pale, na Mitengo watoto wawili walikwishazikwa. Akina mama wa Kivumbasi walikuwa milimani kwenye mavuno, wangeshuka na watoto wao Ijumaa, siku ya gulio. Hapo kati palikuwa na siku nne na joto la kukaanga samaki.

Akazihamisha chanjo kwenye kisanduku cha barafu, akachomeka kipimajoto. Nyuzi tatu. Zikivuka nane, basi, kilichobaki ni maji ya kumwaga. Barafu ile ingeweza kuvumilia siku tatu, nne kama kisanduku kingefunguliwa kwa adabu. Akapiga simu hospitali ya mjini kuomba nafasi kwenye friji lao. Akajibiwa kwamba friji limejaa soda za uzinduzi.

"Uzinduzi wa nini?"

"Wa chochote kitakachotokea."

Siwema akamwita Bi Kidawa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mwanamke aliyejaaliwa umbo na ulimi. "Bi Kidawa, shoga yangu, kazi yako ni moja. Kikalie kisanduku hiki. Asikifungue mtu. Kipimajoto kimetokeza hapa pembeni, wewe soma tu."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumwomba Liwali asije."

Bi Kidawa akamtazama kama anayempima homa.

Lakini Siwema alijua anachokisema. Uzinduzi wa Kivumbasi ulikuwa umeahirishwa mara kumi na moja. Waraka ulisema Mheshimiwa Liwali hawezi kusimama kwenye jua kali, kwa afya yake. Waraka mwingine ulisema uzinduzi hauwezi kufanyika siku ya mawingu, kwa sababu taa haitawaka na Mheshimiwa ataaibika. Wakala ilikuwa inasubiri siku ambayo jua litawaka kwenye paneli bila kumwakia Liwali. Ukimsubiri Liwali aje, basi umesubiri. Ila Bwelele ilikuwa na desturi moja kubwa kuliko sheria zake: hakuna mkubwa aliyewahi kufika mahali mwenyewe. Mkubwa huwakilishwa. Na mwakilishi akishapanda jukwaani, ndiye mkubwa mwenyewe, kwa sauti, kwa heshima na kwa madaraka. Tatizo la Kivumbasi ni kwamba hakuna aliyemweleza Liwali ukweli wa kutosha hadi akatamani kuwakilishwa.

Jumanne saa nne Siwema alikuwa ghorofa ya tano ya jumba la Wakala, ofisini kwa Liwali. Lifti ilikuwa imezimwa kuokoa umeme, ukimwondoa Liwali na chai yake. Alipofika juu, jasho la ngazi likamgandia mwilini, maana ndani mlikuwa na baridi ya machinjioni. Wajumbe wa semina ya "Joto Kali na Mustakabali Wetu" walikuwa wamejikunja ndani ya makoti, wengine wamefunga mitandio shingoni. Liwali Bakunda mwenyewe alikuwa amevaa glavu.

"Kivumbasi!" Liwali akasema kwa furaha. "Naipenda sana Kivumbasi. Iko upande gani?"

"Upande wa jua, Mheshimiwa. Nimekuja na barua ya mwaliko. Alhamisi tunakuzindulia."

"Pana kivuli?"

"Palikuwa na mwarobaini mkubwa, Mheshimiwa. Wakala wakaukata, usije ukaziba paneli."

"Kazi nzuri. Chakula?"

"Mihogo."

"Na nini?"

"Na mihogo mingine."

Liwali akavua glavu moja. "Choo?"

"Kipo, Mheshimiwa, ila hakina paa. Ukiwa mle ndani jua unaliona vizuri sana, na majirani wanakuona wewe."

Liwali akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa barua kwa herufi kubwa: Mkurugenzi, niwakilishe.

Ghorofa ya nne alikaa Mkurugenzi wa Wakala, Dakta Pomoni, mtu aliyepata udaktari wake kwa kuandika juu ya udaktari wa wengine. Akaisoma barua, akakunja uso.

"Barabara ikoje?"

"Nzuri, Daktari, mpaka mtoni."

"Na baada ya mto?"

"Baada ya mto kuna mto mwingine."

Dakta Pomoni akaandika chini ya maandishi ya Liwali: Mkuu wa Idara ya Hewa, niwakilishe. Ghorofa ya tatu, Mkuu wa Idara ya Hewa akauliza kama hewa ya Kivumbasi imesafishwa. Siwema akamwambia ipo ile ile iliyokuwapo. Akaandika: Mkuu wa Kitengo cha Jua, niwakilishe. Ghorofa ya pili, Mkuu wa Kitengo cha Jua akaeleza kwa masikitiko kwamba ngozi yake haipatani na jua, ndiyo maana alisomea mambo yake nchi za theluji. Akaandika: Afisa Itifaki, niwakilishe.

Barua ilipofika chini ilikuwa na wino mwingi kuliko karatasi. Bwana Tumbuu, aliyekaa karibu na mlango, akaisoma mara mbili.

"Mimi siwezi," akasema. "Mshika ufunguo hawezi kuwa mfungua sanduku. Nikiwa Liwali, nitajiomba ufunguo mimi mwenyewe. Na nikijinyima je?"

"Basi chini yako yuko nani?"

"Chini yangu kuna sakafu."

Akafungua kitabu cha itifaki, akalowesha kidole, akapekua mpaka jasho likamtoka hata katika baridi ile. Mwishowe akasoma kwa sauti: "Akikosekana yeyote, Liwali atawakilishwa na mtumishi mwandamizi wa serikali aliyepo mahali pa tukio." Akainua macho. "Kivumbasi kuna watumishi wangapi wa serikali?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Unamtazama."

Bwana Tumbuu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, akasimama wima, akabana mikono ubavuni na kuinamisha kichwa.

"Mheshimiwa," akasema.

Alhamisi asubuhi yalifika magari tisa ya dizeli kuleta ufunguo mmoja. La kwanza lilibeba Bwana Tumbuu, la pili mkufu wake wa akiba, mengine yalibeba fulana, mabango, maji ya chupa na watu wa kupiga makofi. Nyuma yake likaja lori na jenereta ya kipaza sauti, likaanza kunguruma na kumwaga moshi juu ya bango lililosema HEWA SAFI NI HAKI YAKO. Redio ya Jimbo ikaweka mtambo wake kurusha sherehe moja kwa moja, kama ilivyo lazima kila Liwali anapohutubia.

Bi Kidawa hakuwa amebanduka juu ya kisanduku tangu Jumanne, ila kwa mambo ya lazima, na hapo alimkalisha dada yake. Akapaza sauti kutoka barazani: "Sita na nusu!"

"Tuanze," Siwema akasema.

"Haiwezekani," Bwana Tumbuu akasema. "Liwali hafiki kwa wakati. Haijawahi kutokea. Lazima uchelewe kwa saa tatu."

"Mimi naishi hapo, Bwana Tumbuu. Hatua ishirini."

"Basi urudi ndani, Mheshimiwa, ukachelewe vizuri."

"Saba!" Bi Kidawa akapiga kelele. "Jamani hii kitu inapanda, mimi nimekalia uji huku!"

Siwema akakitupia macho kisanduku. Saa tatu katika jua lile, na barafu ilikuwa imebaki vipande vya kuweka kwenye togwa. Angeweza kumnyang'anya Tumbuu mkufu, alikuwa na nguvu hizo, lakini sanduku lililofunguliwa bila uzinduzi lingefungwa tena kabla ya jioni, na yeye angekuwa njiani kwenda semina. Akavuta pumzi, akaweka mikono kiunoni.

"Bwana Tumbuu. Uzinduzi huu ulipangwa kwanza lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi."

"Basi Liwali amechelewa miezi minane. Unataka achelewe zaidi ya hapo? Utakuwa unamsema Mheshimiwa kwamba hajui kuchelewa."

Bwana Tumbuu akakokotoa kwa vidole. Uso ukamtakata. "Ni rekodi ya jimbo," akanong'ona kwa heshima, akampisha njia.

Hotuba ilikuwa imeletwa ikiwa tayari. Wakala ilikuwa na hotuba moja tu ya kurasa kumi na tano, yenye nafasi wazi za kujaza. Siwema akapanda jukwaani, akaifungua, akasoma vilevile ilivyo.

"Ndugu wananchi wa nukta nukta nukta. Mimi Liwali wenu, mwanamume niliyezaliwa katika nyumba ya makuti, nimefurahi sana kufika hapa. Wake zangu wawili wanawasalimu."

Umati ukaangua kicheko. "Wasalimie na wao, Mheshimiwa!" mzee mmoja akajibu. "Ila ndevu umeziacha wapi?"

"Nimeziacha ofisini, zinahudhuria semina. Ndugu wananchi, jimbo letu linakabiliwa na joto. Nasema linakabiliwa. Joto halina budi kujua kwamba serikali haijalala..."

"Saba na nusu!"

Siwema akaruka kurasa. "...kwa hayo machache, naomba mkasi na ufunguo."

Akakata utepe. Bwana Tumbuu akauvua ufunguo shingoni kwa mikono miwili kama anayemtoa mwali. Kufuli lilikuwa na kutu ya miezi minane, likagoma, likabembelezwa, likagoma tena, mpaka Siwema akalipiga kisigino cha kiatu. Likafunguka. Akabonyeza swichi. Ndani ya zahanati friji jipya la jua, lililokuwa bado limefungwa nailoni yake, likavuma taratibu kama mtu anayejikumbusha wimbo. Siwema akashuka jukwaani mbio, akambandua Bi Kidawa, akapanga chupa moja moja, kipimajoto juu yake. Akasimama anakitazama bila kupepesa. Saba na nusu. Saba na nusu. Kikakaa pale kama kinachofikiri. Kisha saba.

Akafuta uso kwa kiganja, akarudi jukwaani.

"Ndugu wananchi, bado naendelea. Naambiwa katika jimbo langu kuna paneli, majiko na pampu za upepo katika vituo vingine arobaini, vyote vina makufuli. Ni kweli, Bwana Tumbuu?"

"Kweli, Mheshimiwa."

"Basi mimi Liwali, kwa mdomo wangu huu, natamka kwamba vyote vimezinduliwa saa hii. Walinzi wavunje makufuli. Mama wa Kigodani aendelee na ugali wake."

Redio ikayabeba maneno hayo mpaka kwenye kila kijiji. Mlinzi wa kituo cha Bungule akadondosha kikombe cha chai, akachukua nyundo. Kule Kigodani pampu ikaanza kuzunguka na ng'ombe wakakimbia. Na ghorofa ya nne ya jumba la vioo, Dakta Pomoni akatema andazi.

Alivuka ule mto na mto mwingine, akafika Kivumbasi saa tisa alasiri, matope mpaka kifuani. Siwema alikuwa bado jukwaani, amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo.

"Tumbuu!" Daktari akafoka. "Funga hilo sanduku! Futa huo uzinduzi! Futa yote arobaini!"

"Haiwezekani, Daktari," Bwana Tumbuu akasema, macho yakimng'aa kwa furaha ya mtu aliyesoma kitabu peke yake maisha yake yote na leo ndipo kimempata mteja. "Tamko la Liwali halifutwi mpaka hotuba imalizike. Isipomalizika haina nakala, na kisichokuwa na nakala hakiwezi kufutwa. Na Liwali anapohutubia hakatizwi."

"Mbona yuko kimya? Anakula!"

"Hajasema asanteni kwa kunisikiliza."

Daktari akamgeukia Siwema. Siwema akatafuna, akameza, akainua kipaza sauti.

"Naona Mkurugenzi wangu amewasili," akasema. "Karibu, Daktari. Itifaki inataka usimame wakati nahutubia. Hapo hapo juani panakufaa. Kesho tutaendelea na ukurasa wa tatu."

Ijumaa gulio likajaa. Akina mama wakashuka milimani, watoto mgongoni, vikapu kichwani, wakapanga foleni iliyozunguka zahanati mara mbili. Siwema alisema sentensi moja ya hotuba, ile ya "mazingira ni uhai", kisha akavaa glavu. Mpaka saa kumi jioni alikuwa amechanja watoto tisini na sita, na kilio chao kilisikika mpaka Mitengo. Bi Kidawa alipita na daftari akiwauliza akina mama majina, na Dakta Pomoni, ambaye hakuna aliyemruhusu kukaa, alishika mwavuli wa foleni.

Surua ilifika Kivumbasi wiki mbili baadaye. Ikazunguka zunguka, haikupata pa kulala, ikaondoka.

Basi Siwema akaiona faida ya hotuba ndefu. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la dawa alisimama barazani, akasema, "Ndugu wananchi, kama nilivyokuwa nikisema," akasoma maneno mawili matatu, akaweka hotuba mfukoni na kuingia kazini. Bwana Tumbuu alihamia Kivumbasi kusimamia itifaki, akapata chumba kwa dada yake Bi Kidawa, na suti akaivua.

Mjini hali ikawa ngumu. Ilikuwa haiwezekani Liwali mmoja ahutubie mahali pawili kwa wakati mmoja, na Liwali alikuwa bado anahutubia Kivumbasi. Kwa hiyo hakukuwa na uzinduzi wowote tena jimboni. Misafara haikuwa na pa kwenda. Mafundi wa Wakala, waliokuwa wakipangwa mistari kupiga makofi, walikosa kazi, wakaanza kufunga paneli kwa sababu ya uchovu wa kukaa bure. Majiko yakaenda moja kwa moja jikoni. Miche ya miti ikapandwa bila mtu kupigwa picha nayo, na jambo la kushangaza, ikaota. Jenereta ya kijani ikazimwa, kwa kuwa waliokuwa kwenye viyoyozi walikuwa wametoka kuja kuona mbona kila kitu kinafanya kazi.

Mwezi wa saba wa hotuba, Liwali Bakunda alifika Kivumbasi mwenyewe, juu ya pikipiki ya kukodi, pua imebambuka kwa jua. Hakuna aliyempigia makofi, maana hakuna aliyemjua. Alikuta foleni ya akina mama na watoto wachanga, akajipanga kwa unyenyekevu mpaka zamu yake ikafika.

"Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa nne, Mheshimiwa."

"Kati ya?"

"Kumi na tano."

Liwali akakaa kwenye benchi. "Nimenyamaza miezi saba. Juzi binti yangu ameolewa. Nilisimama kutoa nasaha, mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti. Akaniambia mbele ya wakwe kwamba tayari ninahutubia mahali pengine."

"Pole sana, Mheshimiwa. Nasaha zenyewe zilikuwa ndefu?"

"Kurasa kumi na tano."

"Basi binti atakuwa anakuombea dua."

Liwali alitaka kukasirika, akakuta hana mtu wa kumwakilisha katika hasira hiyo. Akatazama friji linavuma, akatazama bati, akatazama foleni. "Utamaliza lini, mama?"

"Hawa wakiisha."

Akawahesabu. Walikuwa kumi na wanne. Uso ukachangamka. "Kumi na wanne tu! Nitasubiri."

"Simaanishi kuisha leo, Mheshimiwa," Siwema akasema, akivuta dawa kwenye bomba la sindano na kuliinua kwenye mwanga. "Namaanisha wakiisha kuzaliwa. Mama Hadaa, sogea na mwanao. Na wewe, Mheshimiwa, maadamu umekaa bure, mshike huyu mguu, ana teke."

Liwali akafungua kinywa, akakumbuka, akakifunga, akaushika mguu.